Jinsi ya kulinganisha omu za wufa na twita na kujitengenezea krosova ya spika za kizamani

Spika zangu za kwanza za mtindo wa kizamani zilipendeza kwa macho kuliko kwa masikio. Boksi la plaiwudi nililipaka vanishi mara nne, mbele nikaweka kitambaa cha rangi ya maziwa. Ndani zilikuwamo wufa (spika za besi) za inchi 8 zenye koni ya karatasi, nilizozitoa kwenye radiogramu iliyokwisha kufa, pamoja na twita (spika za sauti za juu) ndogo za koni. Krosova, yaani saketi inayogawa sauti, besi kwa wufa na sauti za juu kwa twita, niliinunua dukani ikiwa tayari, imeandikwa omu 8 (kipimo cha ukinzani), hezi 3000 (kipimo cha masafa ya sauti). Nikaweka santuri ya taarab. Fidla zikasikika, besi ikasikika, ila mwimbaji alikuwa kama anaimbia chumba cha pili.

Ilinichukua wiki mbili kumgundua mwizi. Twita zangu zilikuwa za omu 4, na krosova ilipigiwa hesabu ya omu 8. Krosova haijui umeifunga na spika gani. Thamani za kapasita (hupitisha sauti za juu na kuzuia besi) na koili zake (waya uliosukwa, hufanya kinyume) zina maana pale tu mzigo ulioko mbele yake unapolingana na ule aliouwazia mtengenezaji. Kwa krosova ya aina ile, yenye kapasita moja na koili moja kila upande, mzigo ukiwa nusu ya uliotarajiwa, twita kwenye masafa ya mgawanyo (pale wufa inapoikabidhi twita kazi) inashuka desibeli 9 (kipimo cha ukubwa wa sauti) badala ya 3. Hapo ndipo sauti ya mwimbaji ilipozama. Mzigo ukiwa mara mbili mambo yanageuka: panatokea kilima cha desibeli 3, na kila herufi ya "s" inachoma masikio.

Mwongozo huu ni wa spika ya njia mbili, yaani wufa moja na twita moja, na hesabu zote ni za zile spika zangu baada ya kuzifungua na kuanza upya. Zako zitakuwa na namba tofauti. Njia ni ileile.

Vifaa

Mita ya kawaida ya fundi redio inayopima omu na volti za mkondo geu. Simu yenye programu ya kutoa toni za masafa mbalimbali. Amplifaya yoyote ndogo inayofanya kazi. Resista moja ya omu 10, wati 10, zile nyeupe za umbo la tofali. Kichomeo na risasi ya kulehemu. Daftari, nalo usilipuuze.

Kwanza: isome spika yenyewe, usiisome lebo

Weka mita kwenye omu na uguse ncha mbili za wufa. Spika ya omu 8 haitakusomea 8. Itasoma kati ya 5.5 na 7, kwa sababu mita inapima ukinzani wa waya wa koili ya sauti (ile iliyo nyuma ya koni) kwa mkondo mnyoofu tu, kama wa betri. Ya omu 4 husoma 3 hadi 3.5 hivi, na ya omu 16 husoma 10 hadi 13. Wufa zangu zilisoma 6.1, twita 3.4.

Ukiokota spika za vyombo vya zamani, tarajia vituko. Spika nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960 ni za omu 15. Redio za mezani za enzi hizo mara nyingi zilibeba spika za omu 3. Philips nao walikuwa na redio za valvu zisizotumia transfoma ya kutolea sauti, na spika zake ni za omu 800. Mita ikisoma mamia ya omu kwenye spika ya namna hiyo, usiitupe ukidhani koili imekatika. Lakini kwenye amplifaya ya leo haitakufaa, itanong'ona tu.

Ukiwa hapo sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote. Ukisikia mkwaruzo, koili imepinda au kuna uchafu kwenye mwanya wa sumaku. Hakuna krosova itakayoponya hilo.

Pili: pima impedansi kwenye masafa yanayohusika

Impedansi ni ukinzani wa spika kwa mkondo geu, nao hubadilika kila masafa yanapobadilika. Chini kabisa kuna kilima kikali pale koni inapotikisika yenyewe. Kisha inashuka hadi karibu na ile namba ya mita, halafu inaanza kupanda tena kwa sababu koili ya sauti ni koili kama koili nyingine: kadiri masafa yanavyopanda ndivyo inavyozuia. Ile "omu 8" iliyopigwa muhuri kwenye sumaku ni jina la ukoo tu.

Kupima ni rahisi. Funga resista ya omu 10 na spika kwa mfululizo kwenye amplifaya. Toa toni kwenye simu, fungua sauti hadi upate volti moja hivi kwenye ncha za amplifaya, kisha pima volti kwenye resista na volti kwenye spika. Gawanya volti za spika kwa volti za resista, zidisha kwa 10. Hiyo ndiyo impedansi ya spika kwa masafa hayo.

Wufa yangu kwenye hezi 48: resista volti 0.19, spika 0.71. Zaidi ya omu 37! Kwenye hezi 1000: 0.54 na 0.41, yaani omu 7.6. Kwenye hezi 2500: 0.46 na 0.58, yaani omu 12.6. Tazama tena hiyo ya mwisho. Spika "ya omu 8", mahali palepale nilipotaka krosova ifanye kazi, ilikuwa karibu omu 13.

Mita za bei nafuu hudanganya kwenye masafa ya juu, zinasoma pungufu. Hapa haitakusumbua sana, kwa kuwa unapima mara mbili kwa masafa yaleyale na kosa linajifuta unapogawanya. Usibadili kipimo cha mita katikati, wala usiguse kitufe cha sauti.

Twita ipime vivyo hivyo lakini kwa sauti ndogo, na usishuke chini ya hezi 500. Waya wake wa koili ni mwembamba kama unywele. Nilichotafuta kwenye twita ni vitu viwili: kilima chake kiko wapi (yangu hezi 1150), na impedansi yake kwenye hezi 2500 (omu 3.8).

Tatu: chagua masafa ya mgawanyo

Watu wengi hapa wanaiga namba kutoka spika maarufu. LS3/5A, spika ndogo ya studio ya BBC, inagawanya karibu na hezi 3000, basi na mimi 3000. Wengine wanataka hezi 500 au 800 kama A7 za Altec za kwenye kumbi za sinema. Lakini zile zina honi kubwa na draiva (kitoa sauti cha honi) iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiipa twita ya koni hezi 800, umeichinja.

Vizuizi ni viwili. Twita isipewe kazi chini ya mara mbili ya masafa ya kilima chake. Kwangu 1150 mara mbili ni 2300. Upande wa juu, wufa huanza kuelekeza sauti kama tochi pale urefu wa wimbi unapolingana na upana wa koni. Koni ya wufa ya inchi 8 ina upana wa sentimita 16 au 17 inayotikisika, kwa hiyo tochi inaanza kuwaka kama hezi 2000. Ukipanda sana juu ya hapo, aliyekaa katikati ya kochi anasikia muziki, wa pembeni anasikia ngoma tu. Nikachagua 2500. Twita inapumua, na wufa haijawa tochi kamili.

Nne: itulize wufa

Hapa ndipo mafundi wengi wanaporuka, na hapa ndipo spika ya kujitengenezea inapoachana na kelele. Wufa inayopanda kutoka omu 7 hadi 13 haiwezi kukatwa vizuri na krosova yoyote. Dawa ni resista na kapasita zilizofungwa kwa mfululizo, kisha kamba hiyo ikafungwa sambamba na ncha za wufa. Jina lake ni Zobel. Wufa inapopandisha impedansi, Zobel inafungua njia ya pembeni, na jumla inabaki tambarare.

Kwanza tafuta induktansi ya koili ya sauti, yaani kipimo cha jinsi koili inavyozuia mkondo geu. Chukua impedansi kwenye 2500, izidishe kwa yenyewe, toa ukinzani wa mkondo mnyoofu uliozidishwa kwa wenyewe, tafuta kipeuo cha pili. Kwangu: 12.6 na 6.1 zilitoa omu 11. Gawanya kwa 6.28 mara 2500. Jibu ni henri 0.0007, yaani milihenri 0.7.

Resista ya Zobel ni ukinzani wa mkondo mnyoofu mara 1.25: omu 7.6. Kapasita ni induktansi gawanya kwa resista iliyozidishwa kwa yenyewe: maikrofaradi 12. Resista nilipata kwa kufunga mbili za omu 15 sambamba, ambazo ni 7.5. Kapasita nikafunga 10 na 2.2 sambamba. Nilipopima tena kwenye 2500, wufa pamoja na Zobel ilisoma omu 7.8. Kutoka 12.6! Sasa ndipo naweza kuiita spika ya omu 8 bila aibu.

Tano: ipandishe twita

Twita yangu ya omu 4 ilikuwa na tatizo la pili: ilipiga kelele kuliko wufa, kama zilivyo twita nyingi. Kwa bahati matatizo haya mawili yana dawa moja. Resista ya omu 3.9 kwa mfululizo na twita inaifanya krosova ione 3.8 kuongeza 3.9, yaani 7.7, na wakati huohuo inapunguza sauti ya twita kwa desibeli 6 hivi.

Kama twita yako tayari ni ya omu 8 na inapiga kelele, resista moja ya mfululizo haitoshi kwa sababu itaharibu mzigo. Tumia mbili: moja kwa mfululizo, na nyingine sambamba na twita. Kupunguza desibeli 3 ni omu 2.3 kwa mfululizo na 19 sambamba. Desibeli 4 ni 3 na 14. Desibeli 6 ni 4 na 8. Krosova itaendelea kuona omu 8. Tumia resista za wati 10.

Twita ya omu 16 kwenye wufa ya omu 8? Usiishushe kwa nguvu. Ipigie hesabu yake yenyewe ya omu 16. Wufa na twita hazilazimiki kuwa na omu sawa, kila moja ina upande wake wa krosova. Kinachotakiwa ni hesabu ya kila upande ifuate mzigo wa upande huo.

Sita: hesabu na kusuka koili

Kwa krosova ya kapasita moja na koili moja kila upande:

Kapasita kwa maikrofaradi = 112,540 ÷ (masafa × omu)
Koili kwa milihenri = 225 × omu ÷ masafa

Hezi 2500 na omu 8: kapasita 5.6, koili 0.72. Kwa kuwa pande zote mbili sasa ni omu 8 kasoro kidogo, thamani ni zilezile juu na chini. Upande wa wufa koili ndiyo iko njiani, na kapasita inasimama sambamba na wufa. Upande wa twita kapasita iko njiani, na koili inasimama sambamba na ile kamba ya resista na twita.

Kapasita iwe isiyo na chanya na hasi. Za filamu ya plastiki ni bora, za volti 100 au zaidi. Ukiwa unafufua spika halisi za zamani, kapasita zake za elektroliti huwa zimekauka na hazina tena thamani iliyoandikwa, zibadilishe zote kabla ya kuhukumu spika.

Koili nasuka mwenyewe. Waya wa shaba wenye vanishi wa milimita 1 unapatikana kwa mafundi wa kusuka mota, wanauza kwa uzito. Tengeneza kigurudumu: kiini cha mbao cha kipenyo cha milimita 25, na kuta mbili za plaiwudi nyembamba zenye nafasi ya milimita 25 kati yake. Usitie chuma ndani, wala msumari wa kushikilia, tumia gundi. Mizunguko 183 hivi inatoa milihenri 0.72, na inakula kama mita 20 za waya. Ukinzani wake unakuwa omu 0.4, unavumilika.

Suka mizunguko 195, kisha punguza. Na hapa kuna ujanja ninaoupenda. Funga koili kwa mfululizo na resista yako ya omu 10, kwangua vanishi kwenye ncha, toa toni ya hezi 2200. Koili ya milihenri 0.72 kwenye hezi 2200 inazuia omu 10 kamili. Kwa hiyo fungua mzunguko mmoja mmoja hadi volti za koili na volti za resista zilingane. Mara ya kwanza nilikuwa na 0.48 kwenye koili na 0.43 kwenye resista. Nikafungua mitano, nikapima, miwili tena, nikapima. Zilipokutana nikakata waya na kuubana kwa uzi na gundi. Ukikata waya kabla ya kukwangua na kupima mara ya mwisho, utajuta.

Saba: kufunga

Pigilia kila kitu kwenye kipande cha plaiwudi. Koili ya wufa na ya twita ziwe mbali, moja ikilala na nyingine ikisimama, la sivyo zinanong'onezana na besi inavuja kwenye twita. Zobel ifungwe moja kwa moja kwenye ncha za wufa, baada ya krosova. Lehemu kila kiungo, kupinda waya tu hakutoshi. Boksi la wufa ya inchi 8 lililofungwa bila tundu, lita 25 hadi 30, plaiwudi ya milimita 18, pamba ndani. Kuhusu kitambaa cha mbele: kipulize huku kiganja kiko upande wa pili. Usipohisi pumzi, tafuta kingine.

Sasa chanya na hasi. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye wufa. Koni ikitoka nje, ncha iliyopata chanya ndiyo chanya. Twita usiiguse kwa betri, fuata alama yake. Kwenye krosova ya aina hii wufa na twita zinapishana nusu duara kwenye masafa ya mgawanyo, kwa hiyo zikifungwa chanya kwa chanya zinafutana. Geuza waya za twita. Kuhakikisha, toa toni ya hezi 2500, kaa mbele ya spika usawa wa twita, mtu akugeuzie waya huku na huku. Palipo na sauti kubwa ndipo pa kubaki. Nilipojaribu, upande mmoja toni ilikaribia kupotea kabisa, nikadhani waya umechomoka.

Amplifaya

Utaambiwa na fundi wa jirani kwamba wufa ya omu 8 na twita ya omu 8 zikifungwa sambamba ni omu 4, na amplifaya itaungua. Ingekuwa kweli bila krosova. Ukiwa na krosova, besi inaona wufa peke yake na masafa ya juu yanaona twita peke yake, kwa hiyo jumla inabaki karibu na 8. Kanuni ya 4 inakuhusu ukifunga wufa mbili za omu 8 sambamba, au maboksi mawili kwenye ncha zilezile. Amplifaya ya transista inayotoa wati 50 kwa omu 8 inasukuma volti 20 na ampea 2.5. Mpe omu 4 kwa volti zilezile, ampea zinakuwa 5, na kama vifaa vyake vya nguvu na hitsinki (bati la kupoza) si vya kazi hiyo, harufu utaisikia kabla ya moshi.

Amplifaya ya valvu ina tabia nyingine: funga spika kwenye ncha ya transfoma yenye omu zinazolingana, 4, 8 au 16, na kamwe usiiwashe ikipiga muziki bila spika. Transfoma ndiyo inayokufa.

Kabla ya kuunga, pima spika iliyokamilika kwa ile njia ya resista kutoka hezi 20 hadi 10,000. Spika inayostahili kuitwa ya omu 8 haitakiwi kushuka chini ya 6.4 popote. Zangu zinashuka hadi 6.6, karibu na hezi 250.

Kilichobaki ni sikio na ile resista ya 3.9. Nyumba zetu nyingi zina vigae sakafuni, kuta tupu na pazia jepesi, na chumba cha namna hiyo kinazidisha twita. Jaribu 3.3, 3.9 na 4.7, kila moja kwa siku nzima na santuri unazozijua vizuri. Zangu zilikaa kwenye 4.7. Mke wangu akaweka zulia mwezi uliofuata, nikarudi 3.9.